Utumbo Hutambuaje Kalsiamu ya Dagaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Makorora tunakula dagaa na miiba yao, na bi mkubwa wangu hanywi chai isiyo na maziwa. Hata hivyo daktari amemwandikia vidonge vya kalsiamu vilivyochanganywa na vitamini D. Anauliza: utumbo una ulimi gani wa kujua kwamba kalsiamu imefika? Na kama unajua, vitamini D ni ya nini tena?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, mpe bi mkubwa salamu zangu, na umwambie kwamba neno “ulimi” amelitumia mahali pake. Kwenye utando wa baadhi ya seli za utumbo kuna protini iitwayo kipokezi cha kalsiamu, ambayo ni ya ukoo mmoja na vipokezi vya ulimini vinavyotambua utamu wa sukari. Kundi la watafiti wa Boston, wakiwamo Edward Brown na Steven Hebert, lilieleza muundo wake mwaka 1993, baada ya kuitafuta katika tezi za parathiroidi za ng'ombe, tezi ndogo mno zilizoko shingoni. Sehemu kubwa ya kipokezi hicho imejitokeza nje ya seli. Kalsiamu inapojishika hapo, umbo la protini hubadilika, na badiliko hilo huamsha protini nyingine upande wa ndani, hivyo seli hupata habari bila kuipokea kalsiamu yenyewe.

Kinachotambuliwa, lakini, ni kalsiamu iliyoyeyuka tu. Mwiba wa dagaa, hata ukitafunwa mpaka ukawa kama unga wa muhogo, kwa seli bado ni jiwe mpaka tindikali ya tumbo iuyeyushe. Mchicha nao una kalsiamu nyingi, ila kemikali iitwayo oksaleti iliyomo huishika kwa nguvu, na nyingi hupita ikatoka na choo.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, nami naomba bi mkubwa asikilize kwa makini. Kipokezi hicho kina kazi zake huko huko utumboni: katika tumbo huchochea homoni ya gastrini inayoongeza tindikali, na katika utumbo mpana hupunguza maji yanayomwagwa na seli. Kiasi cha kalsiamu kitakachoingia mwilini huamuliwa zaidi kwingineko.

Mwanzoni mwa utumbo mwembamba, seli zina vijinywele vilivyosongamana kama brashi, na kwenye vijinywele hivyo kuna milango ya protini iitwayo TRPV6. Kalsiamu huru iliyo ndani ya seli ni kama sehemu moja tu kwa 10,000 ya ile iliyo katika damu, na ikizidi huidhuru seli. Kwa hiyo kila inayoingia hudakwa na protini ya kalbindini, ikavushwa hadi upande wa pili, ambako pampu hutumia nishati kuisukuma kwenye damu. Mlango wenyewe una hisia zake pia: kalsiamu ikirundikana nyuma yake, protini nyingine, kalmodulini, huusaidia kujifunga. (Kalsiamu inapokuwa nyingi chakulani, sehemu nyingine hupenya katikati ya seli na seli, bila kupita milangoni.)

Sasa, nani anaagiza milango iongezwe? Ni tezi zile za shingoni, kwa kutumia kipokezi kile kile. Kalsiamu ya damu ikishuka, tezi hizo hutoa homoni, figo zikaigeuza vitamini D kuwa katika hali yake ya utendaji, nayo ikaingia katika kiini cha seli ya utumbo na kuamsha jeni (maagizo ya kutengeneza protini) za TRPV6 na za kalbindini. Bila vitamini D, dagaa hufika utumboni wakakuta milango michache na wavushaji wachache. Mtu mzima hufyonza takriban theluthi moja ya kalsiamu anayokula, na mjamzito hufyonza karibu maradufu. Kwa wazee ufyonzaji hupungua, na ngozi yao huzalisha vitamini D kidogo kuliko ya kijana hata wakiota jua lile lile la Tanga.

Vidonge vikiwa vya kalsiamu kaboneti, avimeze pamoja na chakula, kwa kuwa navyo huhitaji tindikali ya tumbo ili viyeyuke. Kama aliwahi kupata mawe ya figo, amweleze daktari kabla hajaendelea. Dagaa na maziwa asiviache.