Jibu: Nanoemalsheni ya albendazole inayotuamisha unga chini ya chupa

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Unatengeneza nanoemalsheni, yaani vitone vidogo mno vya mafuta vilivyotawanywa kwenye maji, yenye dawa ya minyoo ya albendazole, kwa ajili ya wagonjwa ambao minyoo ya nguruwe imewafika ubongoni. Umetumia mafuta ya ufuta na Tween 80 (surfaktanti, yaani kitu kinachopatanisha mafuta na maji), mashine ya kupima ukubwa ikakusomea vitone vya nanomita 60, ukafurahi, na wiki mbili baadaye ukakuta unga mweupe chini ya chupa. Sasa unauliza uongeze Tween au utafute homojenaiza, mashine ya kukata mafuta kuwa vitone, yenye nguvu zaidi. Kabla ya yote mawili, jua kwanza ule unga ni kitu gani.

Nyonya tone moja kutoka chini kabisa ya chupa, liweke kwenye kioo, litazame kwa hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga (polaraiza) vilivyopishana. Mafuta yatabaki giza. Fuwele za dawa zitang'aa. Nina hakika kubwa kwamba utaona fuwele, yaani unga huo ni albendazole yako yenyewe imetoka kwenye mafuta na kurudi kuwa jiwe. Nasema hivyo kwa sababu yalinipata.

Mimi nilihangaika karibu miaka minne na lumefantrine, mwenzake artemether kwenye dawa ya mseto ya malaria. Wote humu tunaijua: mtu mzima vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, na mfamasia anakusisitizia umeze na maziwa au chakula chenye mafuta. Watu wanadhani ni kuzuia tumbo lisiume. Ukweli ni kwamba lumefantrine karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, na mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza kiasi kinachoingia kwenye damu mara 16 kuliko kumeza bila kula. Sasa fikiria mtoto mwenye malaria, mdomo mchungu, anatapika, mama anambembeleza hata uji haupiti. Mtoto huyo anameza dawa akiwa na tumbo tupu, siku ambayo anaihitaji kuliko zote. Hilo ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii: nilitaka mafuta yawe ndani ya dawa tayari, tusimsubirishe mgonjwa mpaka aweze kula.

Chupa yangu ya kwanza nzuri ilikuwa angavu, ukiishika dirishani inatoa rangi ya bluu kwa mbali. Nanomita 38. Siku ya tisa nikaona miiba ya njano imejipanga chini. Nikachukua sampuli, nikapima tena: nanomita 38 vilevile! Siku mbili nzima nilibishana na mashine. Mashine haikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nachota juu, ambako vitone vilikuwa salama salimini, na dawa ilikuwa imeshahama, imelala chini. Vitone vyangu vilikuwa vidogo, vimetulia, na karibu vitupu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningetamani kila anayeanza kazi hii aambiwe siku ya kwanza: usiulize vitone vina ukubwa gani, uliza dawa iko wapi. Mimi nilikuwa nimetia ethanoli ili dawa iyeyuke haraka. Ilipokuwa haijakutana na maji, ethanoli, Tween na mafuta vilisaidiana kuibeba. Nilipoongeza maji, ethanoli ikayakimbilia maji, kwa sababu inayapenda kuliko inavyopenda mafuta. Tween nayo sehemu yake ikatawanyika. Mafuta yakabaki peke yake na mzigo yasiouweza, na mzigo ukaanguka. Ule uyeyukaji niliokuwa nimeupima kwa siku tatu kwenye kitikisio ulikuwa wa mchanganyiko ambao tumboni haupo.

Kwa hiyo rudi nyuma ufanye hesabu ambayo wengi tunairuka. Weka albendazole nyingi kuliko inavyoweza kuyeyuka kwenye mafuta ya ufuta pekee, bila Tween. Tikisa saa 48 hadi 72, zungusha kwa kasi kwenye sentrifuji ili dawa isiyoyeyuka ishuke, pima kilichobaki juu. Kisha gawanya dozi kwa namba hiyo. Nikupe mfano wa kwangu: dozi ya mtu mzima ya lumefantrine ni miligramu 480. Mafuta yakibeba miligramu 20 kwa mililita, mgonjwa atahitaji mililita 24 za mafuta, na hapo hujaweka Tween wala maji. Hakuna atakayeyanywa mara sita. Mtoto wa kidonge kimoja, miligramu 120, atahitaji mililita 6, na hiyo bado unaweza kuifikiria. Albendazole dozi yake ni miligramu 400. Pima, kisha gawanya. Hesabu ya dakika moja inaweza kukuokolea mwaka.

Na hapa nitakuwa muwazi hata kama inauma. Dawa zisizoyeyuka majini si za aina moja. Kuna zinazokataa maji kwa sababu zinapenda mafuta, na lumefantrine ni mojawapo. Kuna zinazokataa maji kwa sababu molekuli zake zimeshikana kwa nguvu ndani ya fuwele, kama tofali lililochomwa vizuri, na hizo hata mafuta zinayakataa. Kiwango cha joto cha kuyeyukia kinakupa dokezo: lumefantrine ni karibu digrii 130, albendazole inapita 200. Tofali hilo huliweki kwenye ufuta kwa kuongeza nguvu ya homojenaiza. Mashine inakata mafuta vipande vidogo, haiyafanyi yaipende dawa.

Utaniuliza, mbona albendazole nayo tunawaambia wagonjwa wa ubongo waimeze na chakula cha mafuta? Kweli, na inasaidia sana; kiasi kinachofika kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara tano. Ila chakula kinaita nyongo, na nyongo pamoja na mafuta yaliyomeng'enywa ndiyo yanayoibeba dawa. Hilo si sawa na kuiyeyusha kwenye mafuta ndani ya chupa. Kwa albendazole mimi ningejaribu kuisaga iwe chembe za nanomita mia chache na kuizuia isishikane, na mafuta kidogo yawe pembeni kwa kazi ya kuita nyongo. Mwonyeshe msimamizi wako hesabu, atakuelewa.

Umegusia pia kubadilisha ufuta kwa mafuta ya karafuu. Nilipita njia hiyo. Dawa iliyeyuka vizuri mno, maabara nzima ikanukia Pemba, na ndani ya wiki emalsheni ikawa nyeupe kama tui. Sababu ni kwamba eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, inayeyuka majini kidogo, na kidogo hicho kinatosha: kwenye vitone vidogo shinikizo la ndani ni kubwa, mafuta yanavuja kutoka humo, yanapita majini na kuingia kwenye vikubwa. Vidogo vinaisha, vikubwa vinanenepa, na Tween hata uiongeze vipi haizibi njia hiyo. Kilichosaidia ni kuchanganya na mafuta ya ufuta, ambayo hayapiti majini, hivyo eujenoli ikianza kutoka kwenye kitone kidogo, ufuta unaobaki humo unaivuta irudi.

Usione haya emalsheni yako ikiwa nyeupe. Propofol, ile sindano nyeupe ya usingizi ya chumba cha upasuaji, mwanzoni iliwekwa kwenye surfaktanti iitwayo Cremophor EL, ikaleta mizio mikali kwa baadhi ya wagonjwa, ikabidi itengenezwe upya. Iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1986 ina mafuta ya soya asilimia 10 na lesithini ya mayai asilimia 1.2. Si angavu hata kidogo, vitone vyake ni vya nanomita mia kadhaa, na inalaza watu dunia nzima. Uangavu unapatikana kwa kumwaga surfaktanti nyingi, na mwili ndio unaolipa. Kwa watoto wachanga hata viyeyushi vina historia mbaya: mwaka 2011 Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa ya maji ya VVU iitwayo Kaletra kwa njiti, kwa sababu ya ethanoli na propilini glaikoli iliyomo. Soma orodha ya viambato vyako ukiwa na sura ya mgonjwa kichwani.

Kuhusu vipimo, mambo machache tu. Mwanga unaorudishwa na chembe unapanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo (kipenyo kikiwa maradufu, mwanga unakuwa mara 64), kwa hiyo vumbi kidogo linaharibu usomaji; chuja maji ya kuzimulia. Ukitumia mashine ya mawimbi ya sauti, weka chupa kwenye barafu, na kumbuka ncha yake inamwaga chembe za titani. Baadhi ya chupa ziache kwenye digrii 40, nyingine 30, kwa sababu friji ya maabara si duka la dawa la Tandahimba mwezi wa Novemba.

Kisha fanya jaribio ambalo mimi nilichelewa kulifanya: mimina emalsheni kwenye maji ya uvuguvugu ya digrii 37 yenye chumvi za nyongo na pankreatini (vimeng'enya vya kongosho), koroga saa moja, zungusha, upime dawa iliyobaki juu na iliyoanguka chini. Lipase, kimeng'enya cha mafuta kilichomo humo, itayala mafuta yako, na utaona dawa inabaki na nani. Chupa zangu tatu nilizozipenda zilianguka kwenye jaribio hilo. Iliyofaulu ilikuwa na asidi ya oleiki, nyeupe, ya nanomita 180, ambayo nilikuwa nimeshaisukuma nyuma ya rafu.

Kesho anza na lile tone la chini ya chupa. Ukiona linang'aa, weka picha hapa, na utuandikie chupa ilikaa kwenye digrii ngapi na ulitia miligramu ngapi kwa mililita.