Injini ya 1NZ-FE na maji ya Mombasa

Injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE imeenea Mombasa kiasi kwamba ni vigumu kupita mtaa bila kukutana nayo. Ndiyo iliyomo katika Probox nyingi zinazobeba abiria na mizigo, katika Fielder na Axio za 1500, katika Premio na Allion ndogo, na katika Vitz, Ractis na Sienta kadhaa. Nimeendesha Fielder yenye injini hii kwa miaka mingi, na kwa kuwa jamaa na majirani huniita niwasindikize wanapokwenda kununua gari, nimeinamia boneti nyingi zisizo zangu. Imani yangu baada ya yote hayo ni kwamba injini hii haifi kirahisi kwa ubovu wa kuzaliwa nao. Hapa Pwani huuawa kwanza na maji tunayoitilia, kisha na oili tunayoiacha ndani mpaka ikachakaa, na malalamiko mengine karibu yote huja nyuma ya hayo mawili.

Maumbile yake ndiyo yanayoeleza udhaifu wake. Ina silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja, zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo (cc) 1497. Kipenyo cha silinda ni milimita 75 na mwendo wa pistoni ni milimita 84.7. Valvu zake ni 16, nne kwa kila silinda, na hufunguliwa na kamshafti, yaani mihimili inayozunguka, mbili zilizo juu ya hedi, kichwa cha injini. Kamshafti ya upande wa kuingiza hewa ina mfumo wa VVT-i, ambao hutumia shinikizo la oili kuwahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu. Katika magari mengi hutoa nguvu farasi 109 hivi kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Kamshafti huzungushwa na cheni, si mkanda, kwa hiyo anayekudai pesa za kubadilisha mkanda wa taimingi wa injini hii hasemi kweli. Bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ni ya aluminiamu yenye slivu (kuta nyembamba) za chuma ndani ya silinda, na hedi nayo ni ya aluminiamu.

Aluminiamu na chumvi havipatani. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, visima vyake vingi vina maji ya chumvi na chokaa, na anayenunua maji ya mkokoteni mara nyingi hajui yametekwa wapi. Maji hayo yakitiwa kwenye rejeta, kipoza maji kilicho mbele ya gari, chumvi huanza kuitafuna aluminiamu kwa ndani, chokaa hujenga ukoko katika mirija myembamba ya rejeta, na kutu huongezeka kwenye kila kipande cha chuma inachokifikia. Nilikuwapo katika gereji moja huko Changamwe fundi alipong'oa rejeta ya Probox ya jirani yangu. Mpira wa juu ulipochomolewa, ndani yake mlikuwa na tope zito la rangi ya kutu, na fundi alipoyagusa kwa kidole mapezi ya chini ya rejeta, yale yanayopigwa na upepo wa bahari na maji ya barabarani mwaka mzima, yalimomonyoka yakabaki unga wa kijivu kwenye ncha ya kidole chake. Gari lile lilikuwa halijachemsha hata mara moja. Mwenyewe alilalamika tu kwamba kiyoyozi kinakata akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, naye hakujua kwamba kompyuta ya injini hukizima kiyoyozi kwa makusudi injini inapopata joto la kupindukia.

Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, unahusu kulanti, kimiminika cha kupozea injini kinachotumika badala ya maji matupu. Tumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, na ukilazimika kununua ile nzito, ichanganye na maji yaliyotoneshwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi, wala usiichanganye na maji ya bomba. Hasara nyingi ambazo nimeziona zilianza siku ya kwanza ya gari hapa nchini: gari limeshuka bandarini likiwa na kulanti yake safi kutoka Japani, likapelekwa sevisi, kijana akaimwaga kulanti yote na kujaza maji kwa mpira wa kuoshea magari. Mwambie fundi kabla hajaanza kazi kwamba kulanti haimwagwi bila wewe kuwapo, na usione haya kusimama hapo hadi amalize.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa. Kazi yake ni kulishikilia shinikizo ndani lisitoroke, na shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yasichemke yanapofika nyuzi 100. Chini ya shinikizo la takriban baa moja zaidi ya hewa ya kawaida, maji huchemka karibu na nyuzi 120. Mpira wa kifuniko ukikauka na kupasuka, akiba hiyo ya nyuzi 20 hupotea, na gari ambalo lingevumilia foleni ya Makupa saa nane mchana huanza kufukuza maji kwenye tangi la akiba. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo. Kibadilishe kabla hujakubali kuuziwa rejeta nzima.

Kuna jambo moja ambalo nimelipinga kila mara, nalo ni desturi ya kung'oa thamostati, kilango kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kwa hoja kwamba Mombasa kuna joto na injini inahitaji maji yazunguke muda wote. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Injini ikishapata moto kwenye foleni, thamostati nzima huwa imekwisha kufunguka, kwa hiyo kuing'oa hakukusaidii chochote pale unapoona unahitaji msaada. Madhara yake huonekana njiani, kwa mfano unapoelekea Malindi asubuhi na upepo unapiga rejeta: injini hubaki baridi kupita kiasi, kompyuta huendelea kumimina petroli nyingi kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, petroli isiyoungua huishia kwenye oili, na ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, husagika mapema. Kama gari linachemsha likiwa na thamostati nzima, ugonjwa uko kwingine, kwenye rejeta iliyoziba, feni iliyochoka au pampu inayovuja, na kung'oa thamostati ni kuuficha tu.

Ujue pia kwamba baadhi ya magari haya, Vitz zikiwamo, hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu wakati injini ni baridi na taa nyekundu ikishazidi kiwango, na taa hiyo hutegemea kihisi kilichozama majini. Maji yakiisha kabisa, kihisi hubaki kwenye hewa na taa huweza kuchelewa kuwaka hali hedi inapinda. Kwa sababu hiyo mimi hufungua boneti na kutazama tangi la akiba kila ninapojaza petroli, na huwafundisha hivyo vijana wa nyumbani wanaoanza kuendesha.

Kuhusu oili, injini hii huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, kiasi kidogo sana. Ikila lita moja, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda, na ile iliyobaki huchafuka na kupata joto upesi zaidi. Injini nyingi za 1NZ zilizotembea sana hula oili, kwa sababu ringi za oili hujaa masizi na kuganda kwenye mifereji ya pistoni, na masizi hayo hutokana na oili iliyokaa muda mrefu. Kilomita hazisemi ukweli wote hapa mjini: gari linaloshinda kwenye foleni za daraja la Nyali huwa limenguruma saa nyingi kwa kilomita chache. Mimi hubadilisha kila kilomita 5000, oili na filta pamoja, wala sikubali kubadilisha oili na kuiacha filta.

Moshi wa buluu una lugha yake. Ukitoka mara moja asubuhi unapowasha, kisha ukakoma, shaka iko kwenye sili za valvu, vizibo vinavyozuia oili isipenye. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kupanda mlima wa Mazeras, shaka iko kwenye ringi. Wengi hujaribu kuuzima kwa kutia oili nzito ya 20W-50. Moshi hupungua kweli, lakini mfumo wa VVT-i hutegemea oili ipite upesi kwenye njia nyembamba na kichujio kidogo kilichomo kwenye hedi, na oili nzito huchelewa kufika huko unapowasha. Oili nyepesi ya 5W-30 inatosha joto letu. Kwa injini iliyochoka ningekubali 10W-40, nisizidi hapo. Cheni nayo hulegea kwa sababu hiyohiyo ya oili mbovu, na huanza kujitangaza kwa mlio wa kugongagonga sekunde za kwanza baada ya kuwasha.

Matatizo madogo hayahitaji hofu. Injini ikimisi, yaani silinda ikikosa kuwaka kwa zamu yake, kompyuta huweza kuandika alama ya hitilafu kati ya P0301 na P0304, na tarakimu ya mwisho hutaja silinda. Kila plagi ina koili yake, kifaa kinachoipa umeme wa cheche, iliyoshikwa na bolti ya namba 10, kwa hiyo hamisha koili ya silinda inayolalamikiwa uipeleke nyingine. Tatizo likihama nayo, nunua koili moja, si nne. Na tafadhali usiruhusu injini ioshwe kwa maji ya shinikizo, kwa maana maji hujikusanya kwenye mashimo ya plagi, na kumisi huanza siku hiyohiyo. Kutetemeka gari linaposimama mara nyingi ni uchafu kwenye throto, mlango wa kupitishia hewa ya injini, ambao husafishwa kwa dawa yake bila kuusukuma mlango huo kwa nguvu za kidole.

Anayenunua gari lililokwisha kutumika hapa mjini amwambie muuzaji asiliwashe kabla hajafika. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta utazame ndani: kulanti safi ya rangi ya waridi, nyekundu au kijani ni dalili njema, na maji ya kahawia yanatosha kukufanya upunguze bei au uondoke. Kisha fungua kifuniko cha oili na uangalie kama chini yake kuna uchafu mzito au utando wa maziwa, halafu mtu awashe wewe ukiwa umesimama nyuma ya ekzosi. Ukilipenda, lipa fundi apime kompresheni, shinikizo ambalo kila silinda hulijenga. Kitabu cha injini hii kinataka kilopaskali (kPa) 1471, silinda yoyote isiwe chini ya 1079, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 98. Muuzaji akikataa kipimo hicho, mwachie gari lake.