Rumours ya Fleetwood Mac, nakujibu kama mpiga besi

Mkuu umeuliza Rumours, ile albamu ya 1977 ya bendi ya rock ya Fleetwood Mac, ina nini mpaka watu wazima wanaililia wakati nyimbo zenyewe zimechangamka hivyo. Mi nakujibu kama mpiga besi, maana nilipiga kwenye bendi moja ya hoteli hapa Dar miaka mitano na mwimbaji wetu alikuwa mzazi mwenzangu, tukaachana mwezi wa tatu na mkataba unaisha Desemba. Miezi tisa hiyo tunasimama jukwaa moja kila Ijumaa na Jumamosi, salamu hakuna, ila wimbo ukianza lazima umbebe.

Sasa mcheki John McVie, mpiga besi wa Fleetwood Mac. Mwanzoni mwa 1976 wanaingia studio ya Record Plant kule Sausalito, California, ndoa yake na Christine imeshavunjika na huyo Christine ndo mpiga kinanda wa bendi. Lindsey Buckingham, jamaa wa gitaa, na mwimbaji Stevie Nicks, mwanadada, nao wameachana, Mick Fleetwood kwenye dramu ndoa yake nayo haieleweki. Yaani watu watano na hakuna aliyelala vizuri. Christine analeta You Make Loving Fun, kamwimbia mwanaume mpya, yule fundi wa taa zao za jukwaani, John anaambiwa wimbo unamhusu mbwa. Na akaupigia besi jamani! Isikilize kwa hedifoni, haina kisirani hata kidogo, imetulia na inampa mama wa watu nafasi aimbe. Mimi nilishindwa hiyo, wiki za mwanzo nilikuwa nakandamiza nyuzi mpaka mpiga solo akawa ananikonyeza nipunguze.

Don't Stop sasa, Christine alimwandikia John, kwamba yaliyopita yamepita tazama mbele. Lindsey yeye hakuwa na upole huo, Go Your Own Way anamvurumishia Stevie na kuna mstari humo Stevie aliuchukia miaka yote na bado alikuwa anauitikia stejini. Stevie akajibu na Dreams, aliiandika kama dakika 10 tu kwenye chumba cha pembeni hapohapo studio, na ndo ikashika namba moja Marekani 1977. Kuachana kulekule, mmoja anafoka mwingine anaongea taratibu, ndo maana nasema hii albamu isikilize yote kwa mpangilio wake usichague nyimbo.

Ila kwangu mimi moyo wake ni The Chain, vipande vya nyimbo tofauti vimeungwa na majina ya wote watano yapo kwenye utunzi. Kama dakika ya tatu vitu vinanyamaza halafu besi inaingia peke yake, noti chache tu taratibu, kisha wenzake wanamfuata mmoja mmoja. Yule aliyekaa kimya albamu nzima ndo anawakusanya.

Usiku wetu wa mwisho Desemba yule mzazi mwenzangu akapotea katikati ya wimbo, akageuka kuangalia vidole vyangu kama alivyokuwa anafanya zamani akitafuta pa kuingilia. Nikampigia noti yake mara mbili, akaingia.