Muulize Mwalimu: Mbona viti vya Nairobi ni vichache hivi?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Eastlands, nauza mitumba Gikomba. Januari nilipeleka fomu ya basari ya kijana wangu wa kidato cha pili. Nikaambiwa waombaji ni wengi mno, nikapata hundi ya shilingi 4,000. Wifi yangu ameolewa Lamu, na mtoto wake alipata zaidi ya mara tatu ya hizo. Mume wangu anasema ni kwa sababu wabunge wa Nairobi ni wachache ukilinganisha na watu. Mimi nilidhani tuna wengi kuliko kaunti yoyote, 17. Nani mkweli? Na tumekuwa hivi tangu lini?*
*– Mama wa kidato cha pili, Eastlands*

Marahaba mwanangu, na pole kwa foleni. Nyote wawili mmesema kweli, ila kweli ya mume wako ndiyo inayouma.

Kumi na saba ni nyingi ukiitaja kwa mdomo. Sasa igawie watu. Sensa ya 2019 ilitukuta Nairobi tukiwa 4,397,073, kwa hiyo kila mbunge wetu ana watu zaidi ya 258,000 mgongoni. Lamu walikuwa 143,920 na wana maeneo bunge mawili, yaani watu kama 72,000 kwa kila mbunge. Fedha za CDF nazo, yaani ule mfuko wa maeneo bunge unaotoa basari, tangu sheria ya 2015, zimekuwa zikigawanywa sawa kwa sawa kwa maeneo bunge yote 290, bila kuuliza eneo lina watoto wangapi wa kusomeshwa. Gawa 258,000 kwa 72,000 uone unachopata. Ni ile "zaidi ya mara tatu" uliyoiandika wewe mwenyewe bila kujua.

Wala usimwonee wifi yako kijicho. Anayetoka Kiunga au Kizingitini kufuata huduma hupanda mashua, sisi tunapanda matatu. Katiba iliona hilo. Ninayemlilia ni mtoto wa Eastlands.

Umeuliza tangu lini. Hapo acha nikae kitako, maana hii habari nimeishi nayo.

Baba yangu alikuwa karani wa Reli, tukiishi Muthurwa katika zile nyumba za mstari. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa likikaa Nairobi hii hii tangu 1907, na walowezi walianza kuchagua watu wao 1920. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944, naye kwa kuteuliwa. Machi 1957 ndipo Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza, viti vinane kwa nchi nzima, Nairobi kimoja.

Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu. Mtu alipimwa kwanza: umesoma hadi wapi, mshahara wako kiasi gani, una mali gani, umetumikia serikali au jeshi miaka mingapi. Aliyefaulu vipimo vingi alipewa kura mbili, au hata tatu. Baba alipata moja. Mkubwa wake kazini, Mwafrika kama yeye ila mwenye mshahara mnono, alikuwa na tatu. Baba alikuwa akisimulia hayo akinyoosha vidole vitatu, halafu anakunja viwili.

Jirani yetu wa mlango wa pili hakuwa na hata moja. Alikuwa Mkikuyu, na Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa bila cheti cha kuthibitisha uaminifu wao kwa serikali ya mkoloni. Kumbuka miaka mitatu tu nyuma yake, Aprili 1954, jeshi lilikuwa limeuzingira mji huu na kuwazoa Wakikuyu kwa maelfu kuwapeleka kizuizini. Siku ya kura jirani yule alikaa kibarazani akishona kiatu, baba akampita akiwa amevaa tai. Baba alisema kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, kwa sababu hakujua amwambie nini.

Tom Mboya ndiye aliyeshinda kiti hicho, akimbwaga wakili Argwings-Kodhek. Mji mzima ukawa na mwakilishi mmoja.

Uhuru ulileta viti vingi zaidi, na hapa sasa fungua macho. Uchaguzi wa 1969 Nairobi ilikuwa na viti 8: Bahati, Dagoretti, Embakasi, Kamukunji, Langata, Mathare, Parklands na Starehe. Sensa ya mwaka huo huo ilitukuta watu 509,286. Mwaka huo siusahau kwa sababu mbili. Julai Mboya aliuawa mchana kweupe katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Kisha Desemba, kule Bahati, mama mmoja aitwaye Jael Mbogo alitaka kumng'oa waziri Mwai Kibaki. Nilikuwa na miaka 19 na sheria ilidai 21, kwa hiyo nilichoweza ni kukaa karibu na redio. Tuliambiwa anaongoza. Tukalala tukijua tumepata mbunge mwanamke. Asubuhi mshindi akawa Kibaki, kwa tofauti ndogo, na Jael Mbogo aliendelea kusema miaka yote kwamba aliibiwa. Uchaguzi uliofuata, 1974, Kibaki alihamia Othaya kwao. Mimi mwaka huo, umri ukiwa umeshushwa hadi 18, nikapiga kura yangu ya kwanza.

Viti vilikuwa 8 mwaka 1969. Mwaka 1992 vilikuwa 8. Uchaguzi wa 1997, bunge lilipopanuliwa kutoka viti 188 hadi 210, Nairobi haikuongezwa hata kimoja. Na 2007 tulipiga kura tukiwa na vile vile 8. Sensa ya 2009 ikatukuta watu 3,138,369. Mji ulikuwa umekua mara sita na ushei, na meza yetu bungeni haijaongezwa kiti! Embakasi peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 900,000 na mbunge mmoja, wakati Lamu Mashariki hawakufika 20,000 na wao wana wao.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni siasa, na sitaificha. Nairobi haikuwa mji wa kutii. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Kanu ilipata kiti kimoja tu hapa, cha Westlands. Saba vilienda upinzani. Serikali inayochora mipaka haina haraka ya kuwaongezea viti watu wasioichagua.

Kabla ya hapo tulikuwa na mlolongo, yaani mchujo wa Kanu wa kupiga kura kwa kupanga mstari, ambao hauhusu idadi ya viti lakini unahusu thamani ya mtu kuhesabiwa. Februari 1988 nilisimama katika uwanja wa shule niliyokuwa nikifundisha, nyuma ya picha ya mgombea wangu. Mstari wetu ulizunguka darasa la tatu, ukapita msala, ukarudi hadi langoni. Mstari wa mwenzake ulikuwa kama wa watu wanaongoja maji asubuhi mvua ikinyesha. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa juu ya ukuta wakituhesabu kwa sauti. Ofisa alipotangaza, wa mstari mfupi ndiye aliyeshinda, na kwa kuwa alitangazwa kupita asilimia 70, kura ya siri haikupigwa kabisa. Jumatatu mtoto mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, kwani sisi tulihesabu vibaya?" Nilikuwa nikifundisha hesabu saa hiyo.

Sababu ya pili ni yetu wenyewe. Mnairobi ukimuuliza kwao wapi, atakutajia kijiji. Amezaliwa Pumwani, amesoma Buruburu, anafanya kazi Industrial Area, lakini "kwetu" ni mahali anapokwenda Desemba. Wakubwa wamelitumia hilo: mtu wa Nairobi ni mgeni, mwakilishi wake yuko mashambani. Lakini choo anachotumia kiko hapa, na mtoto wake anasoma hapa.

Katiba ya 2010 ilirekebisha kidogo. Tulipata 17, na uchaguzi wa Machi 2013 ndio wa kwanza kutumia mipaka hiyo. Embakasi ikakatwa vipande vitano, Kibra ikatoka Langata, Ruaraka na Roysambu zikazaliwa, Dagoretti ikawa mbili. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Baadaye nikachukua kalamu.

Kifungu cha 89 kinasema maeneo bunge yakaribiane na wastani wa nchi, lakini katika miji mikuu na maeneo yenye watu wachache yanaweza kupishana nao kwa hadi asilimia 40, kwingine asilimia 30. Wastani kwa sensa ya 2009 ulikuwa watu kama 133,000. Uongeze asilimia 40, unapata kama 186,000. Sasa gawa watu wa Nairobi wa wakati ule kwa 17: ni 184,600. Gawa kwa 16: unapita 196,000, umevunja katiba. Umeona? Kumi na saba haikuwa zawadi. Ilikuwa ndiyo idadi ndogo kabisa ambayo sheria ingekubali. Tulipewa kiwango cha chini na tukapiga vigelegele.

Leo hata kiwango hicho tumekivuka. Kwa sensa ya 2019 wastani wa nchi ni watu 164,000, na eneo bunge la kawaida la Nairobi limeupita kwa karibu asilimia 58. Kwa wastani huo tungestahili wabunge 26, karibu 27. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Ya mwisho ilitangazwa Machi 2012. Machi 2024 ikafika na tume ya uchaguzi haina hata kamishna mmoja, wapya wakaapishwa Julai 2025. Mtoto wako amepita darasa la kwanza hadi kidato cha pili chini ya mipaka ya hesabu ya 2009.

Basari hiyo ya 4,000 usiirudishe, wala usiidharau. Ila siku tume itakapokuja kukusanya maoni ya mipaka, funga kibanda saa mbili uende. Huko huja viongozi na madalali wa ardhi. Akina mama wa Gikomba siwaoni.

*Mwalimu, kuna ubishi hapa kwenye stendi. Mwenzangu anasema Seneti ilianza na katiba mpya. Mimi nakumbuka mzee wangu akitaja seneta. Na je, Nairobi ilikuwa na wangapi?*
*– Kondakta, laini ya Kariobangi*

Mzee wako alikuwa sahihi. Seneti ya kwanza ilianza 1963 na ilikuwa na watu 41, mmoja kwa kila wilaya kati ya 40 na mmoja wa Nairobi. Wa Nairobi alikuwa Clement Lubembe, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Ilivunjwa 1966, maseneta wakaingizwa katika bunge moja na kutengewa maeneo bunge, ndiyo maana viti vikapanda kutoka 117 hadi 158.

Iliporudi 2013 Nairobi ikapata tena mmoja wa kuchaguliwa: Mike Sonko, kisha Johnson Sakaja 2017, kisha Edwin Sifuna 2022. Lamu mmoja, Nairobi mmoja, na watu wetu ni mara 30 ya wao. Hilo mimi silipingi. Seneti ni nyumba ya kaunti, na kaunti ndogo inahitaji mahali ambapo haimezwi. Kura ya mambo ya kaunti hupigwa moja kwa kila kaunti. Lakini mpango huo una haki tu ikiwa ile nyumba nyingine, ya watu, inahesabu watu. Tukipunjwa kule na kusawazishwa huku, tumepunjwa mara mbili.

*Mwalimu, nikihamisha kura yangu kutoka Vihiga kuja Kawangware, nitakuwa nimeongeza nafasi ya Nairobi kupata kiti?*
*– Fundi seremala*

Hapana, fundi. Viti hugawanywa kwa idadi ya watu, si ya wapiga kura. Hata mtoto mchanga anahesabiwa, mradi usiku wa sensa alilala hapa. Sensa ya 2019 ilikuwa usiku wa kuamkia 25 Agosti, na katika ploti yetu familia mbili zilikuwa zimesafirisha watoto kwa bibi. Watoto saba walihesabiwa kwingine, na tangu Septemba mwaka huo wanasoma hapa.

Hamisha kura hata hivyo. Mbunge anayejua kwamba nusu ya watu wa mtaa wake wanapiga kura kwingine hana sababu ya kuwaogopa. Chukua kitambulisho chako, uende ofisi ya tume katika eneo bunge unakoishi, uombe kuhamishwa. Hulipi chochote. Nenda asubuhi, siku ya wiki, usingoje juma la mwisho.