Kabla hujauliza breikipointi ngapi, nenda kaone simu ya mteja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia inboksi, "Kaka shikamoo, dashibodi inatakiwa iwe na breikipointi ngapi ili ikae poa kwenye simu, tableti na kompyuta?" Dashibodi ni ukurasa mmoja unaoonyesha hesabu za biashara, na breikipointi ni upana wa skrini ambapo mpangilio wa ukurasa unabadilika. Nikaanza kumjibu haraka haraka, mbili zinatosha, weka 600 na 1024, kisha nikafuta yote. Manake swali hilo hilo niliwahi kuuliza mimi, nikapewa namba, nikazitumia kama nilivyopewa, na mwisho wake dada wa watu akaitwa mwizi mbele ya wapagazi. Kwa hiyo mdogo wangu nakujibu hapa, na wengine mnaojenga vitu hivi msome, najua mko wengi na wote mnataka kufika mbali.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa Hajji mmoja mwenye ghala la nafaka Kisenyi, hapa Kampala. Mahindi yanaingia kwa malori kutoka Masindi na Kiryandongo, wanunuzi wanatoka Juba, wengine Congo, ndo maana pale ghalani Kiswahili ndo kinatembea kuliko lugha nyingine yoyote. Hajji alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari la kaunta, akachoka, akataka aone mauzo hata akiwa safarini. Nilifanya kazi miezi mitatu, hiyo sehemu sitawachosha nayo. Siku ya kuonyesha nikabeba leptopi yangu, nikaifungua juu ya meza ya ofisini, kadi nne, yaani viboksi vya namba, juu zimejipanga, grafu katikati, jedwali chini, menyu kushoto, rangi zimetulia. Hajji akanishika mkono akasema, "Mwanangu, umefanya kazi." Nikarudi nyumbani na boda najiona nimefika.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, simu ikaita. Alikuwa yule dada keshia, analia. Hajji alikuwa kwenye mazishi huko Mpigi, akafungua dashibodi kwenye simu yake, akasoma mauzo ya leo ni milioni moja, laki nane na elfu arobaini na tano, na asubuhi kabla hajaondoka ameona kwa macho yake lori zima likipakiwa. Akarudi ghalani moto moto, akamsimamisha yule dada katikati ya wapagazi na wateja, akamuuliza pesa ya lori iko wapi, na maneno mengine aliyomwambia siwezi kuyaandika.

Pesa ilikuwepo yote, imefungwa kwa raba, iko kwenye droo. Namba ya kweli ilikuwa 18,450,000. Kwenye simu ya Hajji ilionekana 18,450,00. Sifuri ya mwisho ilikuwa imefichwa na ukingo wa kadi, kimebaki kimstari chembamba utadhani vumbi kwenye kioo. Sasa mzee wa miaka sitini na ushee, hana miwani, amesimama juani, haangalii koma zimekaa wapi, anahesabu tarakimu. Tarakimu saba ni milioni moja na kitu.

Nilikwenda usiku ule ule. Nikakaa juu ya gunia na simu ya Hajji mkononi, Tecno, kioo kina ufa kwenye kona, vumbi la unga limeingia kwenye spika, na ndo ilikuwa mara ya kwanza naishika. Miezi mitatu nimejenga kitu cha mtu na simu yake sijawahi kuigusa.

Ngoja niwaonyeshe sifuri ilipotelea wapi, hapa someni polepole. Kwenye boksi simu ile imeandikwa 720 kwa 1600, na mimi kichwani nilikuwa na 720. Lakini brauza haipangi vitu kwa nukta za kioo, inapanga kwa pikseli za CSS, ile lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, na simu ile inatumia nukta mbili kwa kila pikseli moja, kwa hiyo upana wa kufanyia kazi ni 360 basi. Mimi nimepanga kadi mbili mbili. Toa 16 kila upande wa ukurasa, toa 12 ya katikati, kila kadi inabaki na 158. Toa tena nafasi ya ndani ya kadi, 16 huku na 16 kule, namba inabaki na 126. Na tarakimu nane na koma mbili, kwa maandishi mazito ya pikseli 28, zinataka karibu 140. Sentensi ikikosa nafasi inashuka mstari wa pili, namba haishuki kwa sababu haina pa kukatikia, inatoka nje tu.

Na kwa nini haikutoka nje tukaiona? Kwa sababu wiki mbili kabla jina refu la mteja mmoja lilikuwa linatoka nje ya kadi, ukurasa mzima unayumba kushoto kulia, nikaona ni uchafu, nikaweka overflow: hidden, amri ya kuficha kinachozidi nafasi, kwa kila kilichomo ndani ya kadi. Ukurasa ukatulia. Mstari mmoja wa msimbo (code). Huo ndo uliomliza yule dada.

Mtauliza si nilijaribu kwanza? Nilijaribu, kwenye Chrome ya leptopi, ile sehemu ya kuigiza simu, na data ya majaribio niliyotunga mwenyewe: 450,000, 72,000, vitu kama hivyo. Mafunzo yote niliyofuata yalikuwa ya watu wa Marekani wanaoandika $1,240 ndani ya kadi nzuri yenye nafasi ya kupumua. Shilingi yetu haiko hivyo, shilingi yetu ina sifuri, duka la kawaida tu linagonga milioni, na ghala kwa mwezi linafika mamia ya milioni. Halafu weka na maneno yetu. Mwenzako anaandika "Due" herufi tatu, wewe unaandika "Wanaodaiwa". Kadi iliyochorwa kwa ajili yao haiwatoshi watu wetu, na hilo mtu hakuambii.

Nilianza kurekebisha kwa njia ya mkato, nikafupisha namba ikawa 18.5M. Hajji akaiangalia, akaniuliza, "Mimi nimeuza kumi na nane na nusu? Hiyo elfu hamsini imeingiaje?" Alikuwa sawa kabisa. Mfanyabiashara hesabu yake hukadirii. Tangu siku ile pesa ya leo naandika nzima, mpaka sifuri ya mwisho, na ufupisho nauacha kwenye grafu pembeni, pale ambapo mtu anaangalia mwelekeo tu, inapanda au inashuka.

Baada ya hapo nikaomba niruhusiwe kukaa ghalani siku tatu, bila leptopi. Hapo ndo nilijifunza kazi hii kweli kweli, kuliko kozi zote.

Hajji anafungua dashibodi kama mara sita kwa siku, kila mara ni sekunde chache, mkono mmoja, mara nyingi amesimama nje. Anataka kujua kitu kimoja, leo tumeingiza ngapi, na cha pili, nani bado hajalipa. Basi. Grafu yangu niliyoipenda vile hakuwahi kuifikia hata siku moja. Meneja wa ghala yeye ana tableti, anaishika mkono wa kushoto pale kwenye mizani, kulia ana kalamu au gunia, anataka stoki na foleni ya malori, na vidole vyake vina unga. Mhasibu yuko ofisini na kompyuta, skrini kubwa, anakaa nayo siku nzima, yeye ndo anataka jedwali lote, vichujio vyote, tarehe mpaka tarehe.

Watu watatu, kazi tatu. Mimi nilichukua dashibodi ya mhasibu nikaibana mpaka ikaingia kwenye simu ya Hajji, nikaita hiyo ni responsivu, yaani inajipanga kufuata skrini. Siyo. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipoandika makala yake Mei 2010 iliyoipa kazi hii jina, alitaja vitu vitatu, gridi inayonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na media queries, yale masharti ya upana wa skrini yanayoweka breikipointi, na wengi wetu tumeshika hicho cha mwisho peke yake, tunahesabu breikipointi kama tunahesabu vyumba vya nyumba ambayo hatujui anaishi nani.

Kwa hiyo nilifuta nikaanza upya na simu. Safu moja. Juu kabisa mauzo ya leo, kadi yenye upana wote wa skrini, namba nzima. Chini yake wanaodaiwa, majina matano, mwenye deni kubwa juu. Menyu nikaishusha chini karibu na kidole gumba. Msimbo wa kawaida unaandikwa kwa ajili ya simu, halafu kwa min-width, yaani kuanzia upana fulani, ndo unaongeza kadiri nafasi inavyopatikana. Kwenye tableti safu mbili, stoki kushoto, malori kulia, na vitufe vikubwa, Apple wanasema visipungue 44, Google wanasema 48, mimi pale kwenye mizani niliweka pikseli 56 kwa sababu nimeona vile vidole. Kwenye kompyuta ndo menyu inahamia pembeni na jedwali linafunguka lote.

Jedwali kwenye simu usilibane. Safu nane ndani ya 360 ni mateso. Geuza kila mstari uwe kadi ndogo, jina, kiasi, tarehe, akigusa ndo anaona mengine. Na kama ni lazima libaki jedwali, liskroli lenyewe ndani ya boksi lake, ukurasa ubaki palepale, na safu ya jina ishikiliwe isiondoke. Pesa zipangwe kulia, na tarakimu zenye upana sawa, tabular-nums, ili milioni ikae chini ya milioni.

Kuna mtego mwingine ulinisumbua siku mbili. Gridi ya CSS, njia ya kupanga ukurasa kwa safu iliyoingia kwenye brauza kubwa Machi 2017, ukiandika 1fr, yaani fungu moja la nafasi iliyopo, peke yake safu haikubali kuwa nyembamba kuliko kilichomo ndani, namba ndefu inaisukuma inavimba na skrini yote inaharibika. Andika minmax(0, 1fr). Halafu namba yenyewe ipe nafasi, usiifiche. Na siku hizi kuna container queries, Chrome na Safari 2022, Firefox mwaka uliofuata, kadi inajipanga kwa upana wake yenyewe badala ya upana wa skrini. Kwa dashibodi hiyo ni dawa, kwa sababu kadi ile ile kwenye tableti inaweza kuwa nyembamba kuliko kwenye simu.

Na wewe kijana wa Mbale, ile skrinshoti uliyonitumia, kila kitu kidogo kama sisimizi, shida yako hata siyo breikipointi. Hujaweka meta viewport, mstari unaoiambia brauza itumie upana wa simu yenyewe. Bila huo mstari brauza ya simu inadhani ukurasa wako ni wa kompyuta, inaupanga kwa upana wa pikseli 980 hivi, halafu inaupunguza uingie. Iphone ya 2007 ilianza hivyo na mpaka leo simu zinafanya hivyo. Weka huo kwanza.

Kisa hiki niliwahi kukisimulia kwenye grupu moja la madevelopa, mkubwa mmoja mwenye jina akajibu kwamba hilo ni kosa la mtoto wa shule na asiyejua CSS asichukue pesa za watu. Bado linaniuma, siwezi kudanganya. Lakini mpaka leo kila akituma kazi zake pale ni picha za leptopi tu, na namba zilizomo ni za kutunga. Vijana msiige hivyo. Mwombe mteja namba yake kubwa kuliko zote aliyowahi kuuza, weka sifuri moja zaidi, fungua kwenye simu yake yeye, nje, juani, na maandishi aliyoyakuza yeye. Msione aibu kwenda. Panda boda uende, kaa pale, kunywa chai yao, tazama mkono wa mtu unavyoshika simu.

Hajji alinilipa salio baada ya miezi miwili na sikumdai hata siku moja. Alimwomba radhi yule dada, mbele ya wale wale wapagazi, na mimi nikaomba yangu. Yule dada bado yuko kaunta. Dashibodi inafanya kazi mwaka wa pili sasa, sifuri zote zipo, lakini kila jioni kabla hajafunga droo anapiga skrinshoti ya mauzo kutoka simu yake mwenyewe, anamtumia Hajji kwa WhatsApp, na chini anaiandika namba tena kwa maneno. Sijamwambia aache.