Je, dawa inaweza kuilegeza hofu?

Swali: Miaka mitatu iliyopita nilipata ajali ya bodaboda, na hadi leo nikisikia mlio wa pikipiki viganja hulowa jasho. Je, ipo dawa ya kunisahaulisha?

Jibu: Pole sana. Dawa ya kusahaulisha haipo. Kinachochunguzwa ni namna ya kuipunguzia kumbukumbu ukali wake, ili uikumbuke ajali bila mwili kutetemeka upya.

Swali: Dawa inaifikiaje kumbukumbu ya zamani?

Jibu: Mwaka 2000, watafiti wa New York, Karim Nader akiwa miongoni mwao, waliwafundisha panya kuogopa mlio uliofuatwa na shoti ya umeme. Baadaye waliwasikilizisha tena mlio huo, kisha wakawadunga ndani ya ubongo dawa inayozuia utengenezaji wa protini, na hofu ikafifia. Kwa panya waliopewa dawa bila kukumbushwa, hofu ilibaki vilevile. Ilionekana kwamba kumbukumbu ikiibuliwa hulainika kwa muda, kama udongo uliorudishiwa maji, kabla ya kukauka tena. Kwa binadamu, Merel Kindt wa Amsterdam alitumia propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu: katika utafiti wa mwaka 2015, watu wenye hofu ya buibui walikaa dakika mbili tu karibu na tarantula, na waliopewa miligramu 40 za dawa hiyo waliweza baadaye kumgusa buibui, hali iliyodumu mwaka mzima.

Swali: Basi ninunue propranololi niimeze kabla ya kupanda pikipiki?

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo. Dawa hii ni hatari kwa mwenye pumu, na ukiimeza kiholela itapunguza tu mapigo ya moyo kwa saa chache. Alain Brunet wa Montreal, ambaye matokeo yake kwa watu 60 yalichapishwa mwaka 2018, aliwapa wagonjwa dawa kisha wakasoma simulizi ya mkasa wao mbele ya mtaalamu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Isitoshe, maabara nyingine zimejaribu njia ya namna hii bila kupata matokeo yaleyale. Kwa sasa ningekuelekeza kwanza kwenye tiba ya mazungumzo, inayokukutanisha na hofu yako hatua kwa hatua.

Swali: Dada yangu anatumia sikloserini kwa kifua kikuu sugu. Je, itamwondolea hofu pia?

Jibu: Hapana. Dozi ndogo za dawa hiyo zilijaribiwa pamoja na mazoezi ya kukabili hofu, lakini dozi za kifua kikuu zinaweza zenyewe kuleta wasiwasi na huzuni. Akiona dalili hizo, awaambie wahudumu wa kliniki siku hiyohiyo.