Ukitumwa kambini mara ya kwanza: kwa mnaoanza kazi kwenye halmashauri za Uingereza

Ndugu zangu, iko siku simu italia asubuhi: karavani nane, yaani nyumba za kuvutwa na magari, za Wajipsi au Watravela, jamii zenye desturi ya kuhamahama, zimeingia usiku kwenye uwanja wa mpira bila ruhusa, na diwani anataka ziwe zimeondoka kabla ya jioni. Usimwahidi hivyo.

Uliza kwanza ardhi ni ya nani. Kama ni ya mtu binafsi, kwa kawaida mwenyewe ndiye wa kwenda mahakamani. Kama ni yenu, nenda pale kabla karatasi yoyote ya kuwaondoa haijaandikwa. Piga hodi, taja jina lako na ofisi yako, kisha uliza: nani mgonjwa, nani mjamzito, watoto wanasoma wapi, wanatarajia kukaa hadi lini. Andika majibu papo hapo.

Usiichukulie kazi hii kama adabu tu. Kesi ya Atkinson ya mwaka 1995 ilithibitisha kwamba halmashauri lazima ipime hali za watu kabla ya kuwaagiza waondoke kwa kifungu cha 77 cha sheria ya mwaka 1994 ya makosa ya jinai na utulivu wa umma. Fomu iliyojaa "hakuna" juu hadi chini huonyesha wazi kwamba hakuna aliyeuliza. Mama mmoja alinijibu akiwa amesimama mlangoni mwa karavani, barua ya kliniki ya mwanawe mkononi: miadi ilikuwa Alhamisi. Tukakubaliana hadi Ijumaa, na Ijumaa wakaondoka wenyewe.

Malalamiko mengi ya majirani yatahusu taka. Peleka mifuko na vyoo vya muda siku ya kwanza, na mpange siku ya gari la taka. Jiji la Leeds limekwenda mbali zaidi: familia na halmashauri huafikiana muda wa kukaa na masharti ya usafi. Naamini ndiyo njia bora tuliyo nayo.

Polisi wana mamlaka yao ya kuwaondoa watu, na sheria ya polisi na uhalifu ya mwaka 2022 iliyaongeza, hata magari yanaweza kukamatwa. Karavani ikikamatwa, nyumba ya watoto imekamatwa. Msikimbilie huko.

Jingine: Wajipsi wa Kiromani na Watravela wa Ayalandi wanalindwa kisheria kama makabila. Neno usiloweza kulisema juu ya Wasomali au Wahindi, usiliandike juu yao kwenye barua pepe ya ofisi. Barua hizo zinaweza kusomwa mahakamani.

Na jueni chanzo cha kambi hizi. Sheria ya mwaka 1968 ilizilazimu halmashauri kutenga maeneo ya karavani; ile ya 1994 ikafuta wajibu huo. Kwa hiyo mara nyingi tunawahamishia watu kwa halmashauri jirani, na wiki ijayo jirani anaturudishia. Kila baada ya ziara, peleka maelezo yako kwa wenzako wa mipango miji: familia ngapi, zimetoka wapi, zingekubali kiwanja cha namna gani. Wao ndio wanaoandika makadirio ya mahitaji ya maeneo, na bila maelezo hayo familia uliyoiona uwanjani haitahesabiwa.